Kiratibu cha Jumla: Istilahi Moja ya Elimu ya Bakteria

Wafasiri wa vitabu vya elimu ya viumbe hukutana na istilahi moja ya kigeni ambayo, ikitazamwa juu juu, huonekana nyepesi. Ina maneno mawili: la kwanza, katika matumizi ya kila siku, hutaja jambo lihusulo dunia nzima, la pili hutaja kitu kiongozacho mwendo wa kitu kingine. Mwenye kufasiri neno kwa neno hupata "kidhibiti cha dunia", na msomaji hudhani kuwa inazungumzwa ofisi ya kimataifa ya afya. Kumbe kinachozungumzwa ni protini iliyomo ndani ya bakteria. Yafaa basi tuieleze dhana kwanza, ndipo tuipe jina.

Umetaboli ni jumla ya mabadiliko ya kikemia ambayo kwayo kiumbe hujipatia nguvu na kuujenga mwili wake. Mwaka 1941, mjini Paris, Jacques Monod alieleza jinsi bakteria waliopewa sukari za aina mbili, mojawapo ikiwa glukosi, walivyoitumia glukosi kwanza. Ilipokwisha, walisita kidogo kukua, kisha wakaanza kuitumia sukari ya pili. Ilidhihirika kuwa bakteria huchagua chakula. Swali likawa: ni nini kinachoamua?

Baadaye jibu lilipatikana katika protini ambayo wataalamu huiandika kwa kifupisho CRP. Glukosi ipunguapo, bakteria hutengeneza kwa wingi molekuli ndogo iitwayo AMP-duara. Molekuli hiyo hushikamana na CRP, nayo CRP hupata uwezo wa kuishika DNA mahali maalumu na kuipinda, ili jeni zilizo jirani zianze kufanya kazi. Katika bakteria aitwaye Escherichia coli, protini hii moja huongoza jeni zaidi ya mia moja. Ipo pia protini nyingine ambayo kazi yake ni kuzifunga jeni za kutumia laktosi, yaani sukari ya maziwa. Hiyo ya pili ina mlango mmoja. CRP ina funguo za nyumba nzima.

Umuhimu wa jambo hili huonekana wazi katika bakteria wa kipindupindu, Vibrio cholerae. Mwaka 1997 Karen Skorupski na Ronald Taylor walionyesha kuwa CRP huzizuia jeni za sumu ya kipindupindu pamoja na zile za nyuzi ambazo bakteria huzihitaji ili kustawi utumboni. Basi protini ile ile ifunguayo jeni za chakula huzifunga jeni za sumu. Mtu angetazamia kwamba bakteria aliyenyang'anywa CRP angekuwa mkali zaidi. Lakini majaribio ya panya wachanga yameonyesha kuwa bakteria wa namna hiyo hustawi kwa shida utumboni, kwa kuwa mambo mengi ya maisha yake huwa yamevurugika. Ulaji wake na uuaji wake vimefungwa katika kamba moja.

Turudi kwenye jina. "Kizuizi" halifai, kwani CRP hufungua na pia hufunga. "Kidhibiti" lina kasoro iyo hiyo kwa kiasi: kudhibiti humpa msikilizaji picha ya kukaza na kuzuia. "Mnyapara" ni neno lenye ladha darasani, ila humfanya mtoto aione protini kama mtu mwenye nia. Kitenzi "ratibu" hubeba maana ya kupanga mambo mengi yaende kwa pamoja. Na kiambishi ki- huonyesha kuwa mtendaji ni kitu, kama tusemavyo "kichocheo".

Kuhusu sifa, wapo wapendeleao "kikuu". Neno hilo hutaja cheo, hali dhana yetu inataja upana. Tena lina kazi nyingine ya kufanya: kutaja protini iliyo kilele cha mfululizo mmoja wa jeni. "Jumla", likiwekwa mkabala na "mahususi", hutosheleza.

Istilahi zinazopendekezwa:

Kiratibu cha jumla: protini iongozayo jeni nyingi zenye kazi mbalimbali, kwa kuzifungua au kuzifunga kulingana na hali.

Kiratibu mahususi: protini iongozayo jeni chache za kazi moja.

Kiratibu kikuu: protini iliyo kilele cha mfululizo mmoja wa uratibu wa jeni.

AMP-duara: molekuli ndogo iliyo ishara ya upungufu wa glukosi katika bakteria kadhaa.

Mwanafunzi wa uuguzi asomaye "kidhibiti cha dunia" atakariri maneno asiyoyaelewa. Asomaye "kiratibu cha jumla" ataweza kuuliza swali ambalo watafiti wenyewe wanaliuliza: je, yawezekana kumnyang'anya bakteria silaha zake kwa kumvurugia uratibu wake, bila kumuua? Istilahi njema ni ile impayo msomaji uwezo wa kuuliza.