Khoresh ya Waajemi si mchuzi tu, ni kitoweo

Anayetaka kupika kondoo kwa namna ya Waajemi nyumbani kwake hapa Kisumu hukwama mara mbili. Kwanza hukwama sokoni, kwa kuwa hajui ndimu kavu zinauzwa wapi. Pili hukwama kwenye lugha. Maelekezo aliyo nayo yameandikwa kwa Kiingereza, na anapojaribu kumweleza shangazi yake pale Kaloleni, hujikuta akisema: "Unafrai vitunguu, halafu unaboili nyama mpaka iwe stuu." Shangazi ataelewa, sawa. Ila katika sentensi hiyo moja, msamiati wa jikoni uliokuwapo kabla ya reli kufika hapa Port Florence mwaka 1901 umetupwa nje kama maganda ya vitunguu.

Makala haya yanashughulikia kikwazo cha pili, na yatagusia cha kwanza.

Tuanze na jina lenyewe. Waajemi huita chakula hiki khoresh, neno linalotokana na kitenzi khordan, yaani kula. Khoresh hailiwi peke yake. Huandamana na wali. Wapo wanaoitafsiri kuwa "mchuzi", na wengine "supu". Supu hunywewa bakulini, kwa hivyo hiyo tuiondoe mapema. Mchuzi nao ni ule umajimaji wenye viungo unaotoka kwenye nyama, samaki au nazi. Khoresh ina mchuzi ndani yake, lakini yenyewe ni zaidi ya mchuzi. Kiswahili kina neno linaloingia hapa bila kusukumwa: kitoweo. Kitoweo ni chochote kinacholiwa pamoja na chakula kikuu ili kukitelemsha, kiwe omena, sukuma wiki au nyama. Maana yake inatokana na kazi ya chakula hicho kwenye sinia, wala si wingi wa maji yake. Mwajemi naye anapotaja khoresh anafikiria kazi hiyohiyo. Lugha mbili zilizo mbali zimeugawa mlo kwa namna moja: kuna kinachoshibisha na kuna kinachokisindikiza.

Kufanana huku kusitushangaze sana, maana sisi na Uajemi tumejuana zamani. Maandishi yaliyochongwa katika msikiti wa Kizimkazi, Unguja, yana tarehe ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107 Miladia. Masimulizi ya Washirazi yanafahamika kote pwani. Mwaka 2023, watafiti, miongoni mwao mwanaakiolojia Mkenya Chapurukha Kusimba, walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya uchunguzi wa chembe za urithi za watu 80 wa kale, wengi wao wakiwa wamezikwa katika miji ya pwani. Walionyesha kuwa mchanganyiko wa damu ulianza takribani mwaka 1000, na kwamba sehemu kubwa ya asili ya Kiasia ilitokana na wanaume wa Uajemi, ilhali asili ya Kiafrika ilitokana zaidi na wanawake.

Sasa tazama msamiati wa jikoni ukiwa na habari hiyo akilini. Majina mengi ya vyakula vya karamu yana damu ya Kiajemi, japo mengine yalipitia India au Uarabuni kabla ya kutufikia: pilau, biriani, sambusa, achari. Mdalasini unatokana na dārchīn, yaani mti wa Kichina. Bilingani lilianzia bādengān, likapita kwa Waarabu na Wareno ndipo likatua kwetu. Lakini vitenzi je? Kupika, kukaanga, kuchoma, kuoka, kukoroga, kuteleka, kuipua, kupakua: vyote ni vya nyumbani. Chungu, mwiko, jiko na kinu pia. Kwa maoni yangu, jambo hili si la kubahatisha. Viungo viliweza kuja na jahazi, ila aliyeshika mwiko alikuwa mama Mwafrika, na aliyeshika mwiko ndiye aliyeshika vitenzi. Ndiyo maana "kufrai" na "kuboili" vinanikera kuliko maneno mengine ya mkopo. Kukopa jina la kitu kigeni ni jambo la kawaida, lakini kukopa kitenzi cha kazi ambayo bibi zako waliifanya karne nyingi ni kama kuazima maji ya Ziwa Victoria kutoka Nairobi.

Haya, tuteleke chungu tuone kama Kiswahili kitatosha. Tuchukue ghormeh sabzi, kitoweo cha kondoo na majani, kwa watu sita. Sabzi ni majani mabichi ya kupikwa. Ghormeh asili yake ni Kituruki, na hutaja nyama iliyokaangwa; zamani ilihifadhiwa ndani ya shahamu yake ili isiharibike. Wajaluo walitatua tatizo hilohilo kwa kuianika nyama juani, nao wakaiita aliya.

Nunua kilo moja ya nyama ya kondoo yenye mifupa. Hapa nitoe tahadhari ya kilugha: usimwambie muuza nyama kuwa unataka "mwanakondoo", atadhani unamhubiria. Sema "kondoo mchanga". Mbuzi pia atafaa, japo atadai muda zaidi. Loweka kikombe kimoja cha maharagwe mekundu usiku kucha, uyamwage maji hayo, kisha uyachemshe kwa moto mkali dakika kumi kamili katika maji mapya kabla ya kuyatia kwenye nyama, kwa sababu maharagwe mekundu yasiyochemka vizuri huumiza tumbo. Pata mafungu manne ya dhania (wenzetu wa pwani husema kotimiri), mawili ya parsley, na mawili ya majani ya vitunguu. Ongeza kijiko kimoja cha majani makavu ya uwatu. Usizidishe, kwani uwatu ni mchungu.

Katakata majani hayo yawe madogo kabisa. Yakaange kwa mafuta na moto mdogo, ukikoroga, mpaka yageuke kijani cha kukaribia weusi. Hatua hii huchukua kama dakika ishirini, na ndiyo roho ya chakula. Anayeiharakisha ataishia na mboga za kawaida zenye nyama. Katika sufuria nyingine, kaanga vitunguu maji viwili, tia nyama na kijiko kidogo cha manjano, igeuze hadi ibadilike rangi. Changanya nyama, majani na maharagwe, mimina maji yafunike, kisha punguza moto.

Hapa ndipo wengi hutafuta Kiingereza. Hakuna haja. Tunacho kitenzi tokota: chakula hutokota kwa moto wa pole, kikitoa povu dogo dogo bila vurugu. Kiache kitokote saa mbili na nusu hadi tatu. Katika saa ya mwisho tumbukiza ndimu kavu nne ulizozitoboa. Waajemi huziita limu amani, jina linaloelekeza Omani, nchi ambayo jamaa za Waswahili wengi wanaishi hadi leo. Ukizikosa, tumia maji ya ndimu mbichi dakika za mwisho, ingawa hutapata ule uchachu wenye harufu ya moshi.

Utajuaje kimeiva? Waajemi husema khoresh "imekaa mahali pake": mafuta yameelea juu na ladha zimeshikana. Sisi tuna neno moja tu: imekolea.

Kuna ndugu yake kiitwacho gheymeh, kitoweo cha vipande vidogo vya nyama na dengu zilizopasuliwa. Jina hilo lilipitia India likawa kima yetu, ile nyama ya kusaga inayotiwa ndani ya sambusa. Kwa hivyo anayeagiza sambusa za kima anazungumza nusu Kiajemi bila kujua, na wala hamtaji yule mnyama wa mitini.

Na wali? Waajemi huthamini sana gamba lililokauka chini ya sufuria, nao huliita tahdig, yaani chini ya chungu. Mgeni hupewa kwanza. Sisi tunaliita ukoko, na mara nyingi tunawaachia watoto waukwangue. Pengine tumefanya hivyohivyo na msamiati wetu wa jikoni: tumeuona ukoko, tukawaachia bibi. Wakati mwingine unapomweleza mwanao mapishi, iwe Kaloleni, Manyatta au Milimani, mwambie ateleke, akaange, aache itokote, aipue ikikolea. Chakula kitakuwa kilekile, na vitenzi vyetu vitakuwa vimepata mrithi.