Uandishi wa hadithi mtandaoni (2): Tafuta wasomaji watatu kabla ya elfu tatu

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilihusu malighafi ya hadithi. Tulisema kwamba kijana wa Namboboto, katika eneobunge la Funyula, Kaunti ya Busia, hana haja ya kuagiza visa kutoka mbali. Malori yanayolala foleni Malaba yana visa. Kituo cha pamoja cha mpakani kilichofunguliwa rasmi Busia mwaka 2018 kina visa vyake, na familia za Wasamia zenye shamba upande huu na shangazi upande wa Uganda zina visa vya kujaza kabati. Wiki hii tunaingia swali gumu zaidi: hadithi ikishaandikwa, nani ataisoma kwa jicho kali kabla haijatoka nje?

Hapo ndipo mwandishi wa kijijini hukwama. Jirani humsifu, mwalimu wake wa zamani humtia moyo, lakini hakuna anayemwambia kwamba ukurasa wa tatu unachosha. Mwandishi wa Nairobi au Kampala ana mahali pa kwenda. Chama cha waandishi wanawake wa Uganda, FEMRITE, kwa miaka mingi kimekuwa na kikao cha Jumatatu jioni jijini Kampala, ambapo mtu huleta kazi yake na wenzake wakaichambua mbele yake. Aliye Namboboto hana nauli ya kwenda Kampala kila Jumatatu. Alichonacho ni simu, na simu hiyo inatosha ikitumiwa ipasavyo.

Ushahidi upo, tena wa zamani kidogo. Mwaka 2002 Binyavanga Wainaina, mzaliwa wa Nakuru, alitwaa Tuzo ya Caine ya uandishi wa Kiafrika kwa hadithi iliyokuwa imetoka katika jarida la mtandaoni liitwalo G21. Siku zile wengi bado waliona kwamba kazi isiyo kwenye karatasi haijawa kazi. Katika orodha ya walioteuliwa mwaka huo alikuwamo pia Chimamanda Ngozi Adichie wa Nigeria. Wawili hao walifahamiana kupitia karakana ya mtandaoni ya Zoetrope, ambako waandishi husomeana kazi na kukosoana. Kabla ya umaarufu, kila mmoja alikuwa ameshampata msomaji asiyemwonea haya. Mwaka 2003 jarida la Kwani? lilianzishwa Nairobi, Binyavanga akiwa mhariri wake mwanzilishi, na mwaka huohuo Yvonne Adhiambo Owuor akashinda tuzo ileile kwa hadithi iliyochapishwa humo.

Funzo ni kwamba faida kubwa ya mtandao kwa mwandishi ni ule ukosoaji wa watu wachache unaokuja kabla ya makofi ya wengi. Vijana wetu wengi hugeuza mpangilio huo. Hadithi ikikamilika saa nne usiku, saa nne na dakika tano iko Facebook, na kufika asubuhi imevuna vidole gumba arobaini na maoni ya “kazi safi, kaka”. Maoni hayo hayamfundishi lolote.

Tuone kukosolewa kunavyofanya kazi. Hiki ni kifungu nilichokitunga kwa ajili ya mfano, cha aina ninayokutana nayo mara kwa mara:

“Nekesa alihuzunika sana aliposikia kwamba mumewe amekamatwa mpakani. Maisha yalikuwa magumu na hakujua la kufanya.”

Msomaji mzuri hasemi kwamba kifungu hiki ni kibaya. Anauliza maswali. Mume alikuwa amebeba nini? Alivuka saa ngapi? Huzuni ya Nekesa niione wapi, usoni, mikononi au dukani? Mwandishi akijibu, kifungu kinabadilika:

“Wateja walibisha mara tatu wakitaka mayai. Nekesa hakufungua. Alikuwa ameketi juu ya trei tupu, mkononi simu ambayo mumewe aliisahau alfajiri alipovuka kwenda Uganda.”

Neno huzuni limetoweka, ila huzuni yenyewe imeingia. Biashara ya mayai ya Uganda, ambayo kila mtu wa Busia anaijua, imeingia pia bila kutangazwa. Kazi hiyo imefanywa na maswali matatu, na kuyatuma kwa WhatsApp ni senti chache tu. Hadithi ya maneno 3,000 ikitumwa kama maandishi matupu haifiki kilobaiti 30. Picha moja ya simu hula bando zaidi kuliko hadithi nzima.

Basi anzeni kikundi kidogo cha watu watatu hadi sita, wala si lazima wote wawe Wasamia au hata Wakenya. Mmoja anaweza kuwa Tororo, mwingine Eldoret, mwingine Mwanza. Wekeni kanuni nne. Kila wiki husomwa kazi ya mtu mmoja. Kila msomaji hutaja mahali aliponogewa na mahali alipochoka. Mwenye kazi hanyanyui sauti kujitetea mpaka wote wamalize. Na kazi ya mwenzako haitoki nje ya kikundi bila ruhusa yake. Kikundi kisicho na kanuni hugeuka uwanja wa salamu za asubuhi na matangazo ya harambee.

Kando ya wasomaji, mwandishi anahitaji rafu ya vitabu, na mtandao una rafu ambazo wengi hawajazigusa. Jarida la Swahili Forum, linalotoka Ujerumani tangu mwaka 1994, husomwa bure. Humo utapata uchambuzi wa riwaya za Euphrase Kezilahabi, Said Ahmed Mohamed na wengine, baadhi yake kwa Kiswahili. Internet Archive imehifadhi vitabu ambavyo hakimiliki yake imekwisha, kikiwamo kile cha hadithi za Waswahili alichokusanya Askofu Edward Steere na kukichapisha London mwaka 1870. Anayetaka kujua wazee walivyofungua na kufunga ngano atajifunza mengi humo.

Kuna pia mkusanyo wa maandishi ya Kiswahili wa Chuo Kikuu cha Helsinki, wenye maneno takriban milioni 25 kutoka magazetini na vitabuni. Si kamusi. Ukitafuta neno “njama”, unaletewa sentensi halisi ambamo watu wamelitumia, ukaona kwamba wanakula njama, wanapanga njama, wanafichua njama. Kwa mwandishi aliyekulia katika Lusamia au Kiteso na kujifunzia Kiswahili darasani, chombo hiki humwokoa na sentensi iliyonyooka kisarufi ambayo hata hivyo hakuna mtu anayeisema.

Wanaoandikia watoto wajue mradi wa African Storybook, ulioanzishwa na shirika la Saide la Afrika Kusini. Umekusanya vitabu vifupi vya picha katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo, na unaruhusu mtu kutafsiri kitabu au kutunga chake hapohapo. Hulipwi, lakini unajifunza kusimulia kwa maneno machache, na hiyo ni shule ngumu.

Kwa lugha zetu za nyumbani mfano bora ni Jalada, kundi la waandishi lililoanza Nairobi mwaka 2013. Machi 2016 lilitoa toleo la tafsiri lililobeba hadithi moja ya Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyoiandika kwa Kikuyu, kuhusu namna binadamu walivyoanza kutembea wima. Toleo hilo lilianza na lugha zaidi ya 30, kisha idadi ikaendelea kupanda. Kazi hiyo ilipangwa kwa baruapepe na watafsiri waliokuwa wametawanyika barani kote. Sioni kwa nini ngano ya Namboboto isisafiri kwa njia hiyohiyo.

Baada ya kusomwa na wachache na kurekebishwa, kazi ipelekwe kwa wengi. Kwa hadithi fupi, Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola haidai ada, na hupokea kazi za Kiswahili za maneno 2,000 hadi 5,000 kutoka kwa raia wa nchi wanachama, Kenya na Uganda zikiwamo. Mshindi wa kanda hupata pauni 2,500, mshindi wa jumla pauni 5,000. Mwaka 2014 mshindi wa jumla alikuwa Jennifer Nansubuga Makumbi wa Uganda. Mwaka mmoja kabla ya hapo, mswada wake wa riwaya ulikuwa umeshinda shindano la Kwani?

Kwa mswada mrefu wa Kiswahili kuna tuzo iliyoasisiwa mwaka 2014 na Mukoma wa Ngugi na Lizzy Attree kwa jina la Mabati-Cornell, ambayo baadaye ikachukua jina la Safal. Wafadhili wake ndio watengenezaji wa mabati, huenda hata haya yaliyoezeka nyumba yako. Anna Samwel Manyanza alishinda upande wa riwaya mwaka 2015 kwa Penzi la Damu, na Ali Hilal Ali mwaka 2017 kwa Mmeza Fupa. Riwaya hizi hazikuanzia kwa mchapishaji mkubwa. Zilianza kama miswada iliyotumwa na waandishi wenyewe.

Hapa pana tahadhari kwa wale wa Facebook. Majarida mengi hukataa hadithi iliyokwisha kutoka kwingine, na baadhi huhesabu hata ukurasa wako binafsi kuwa uchapishaji. Soma kanuni za kila shindano kabla hujabandika kazi yako popote. Aliyeamua kuuza riwaya yake kwa vipande WhatsApp, kama wafanyavyo waandishi wengi wa Tanzania ambao wasomaji wao hulipia sehemu inayofuata kwa simu, amechagua njia halali yenye soko. Ila achague akijua anachokiacha.

La mwisho ni ulinzi. Kwa sheria ya Kenya, hakimiliki ya kazi ya fasihi huwa yako tangu unapoiandika, na hudumu maisha yako yote pamoja na miaka 50 baada ya kifo. Kuisajili katika Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, hukupa ushahidi ukidhulumiwa. Hifadhi pia baruapepe na nakala zote za rasimu zenye tarehe.

Jihadhari na “mchapishaji” anayekutumia ujumbe wa sifa usiku na ankara asubuhi. Mchapishaji wa kweli hupata fedha kwa kuuza kitabu chako, naye hana sababu ya kukuuzia wewe ndoto ya kuchapishwa. Kuna huduma ya kujitolea iitwayo Writer Beware, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1998, ambayo huorodhesha ulaghai wa namna hii na kueleza unavyotambulika. Lisake jina la kampuni humo kabla hujatuma hata shilingi. Ukiamua kujichapisha mwenyewe, hilo ni jambo tofauti. Utalipa kiwanda cha uchapaji, utachukua nambari ya ISBN kutoka Huduma ya Maktaba ya Kitaifa, na vitabu vyote vitakuwa mali yako.

Wiki ijayo tutatazama mkataba wa uchapishaji kifungu kwa kifungu, hasa suala la mrabaha. Kabla ya hapo, msomaji wangu wa Namboboto, Nambuku au Sio Port, fanya kazi moja. Chukua hadithi uliyoiweka kabatini, itume kwa watu wawili wasiokuogopa, na uwaombe wakuonyeshe sentensi ambapo walitaka kuacha kusoma. Anzia hapo kuirekebisha.