Sindano ya kupunguza unene: uliza haya kabla ya kufungua mkoba

Je, msomaji, umepata kumsikia jirani akinong'ona kuhusu sindano inayodungwa mara moja kwa wiki, ambayo eti humwondolea mtu hamu ya chakula hata akauacha ugali nusu sahanini? Kama unaishi Kitale, Kiminini, Webuye au Bungoma mjini, huenda umeisikia saluni, kwenye chama cha akina mama, au umeiona katika simu yako, ambamo wauzaji huweka picha ya mtu kabla na baada. Jina linalotajwa sana ni Ozempic. Mengine ni Wegovy, Saxenda na Mounjaro.

Sindano hizi si uganga wala si uongo. Ni dawa zilizofanyiwa utafiti mkubwa, na zinafanya kazi. Lakini ni dawa za kuandikiwa na daktari, kama ilivyo insulini, na hatari iliyopo ni kwamba sifa zake zimetangulia kufika masikioni kabla mtu hajafika kliniki. Utamkuta mtu ana bei na nambari ya simu ya mwuzaji, ilhali hajapimwa hata presha.

Dawa iliyotokana na mjusi

Kila unapokula, utumbo wako hutoa homoni iitwayo GLP-1. Homoni hiyo huiamsha kongosho itoe insulini, hupunguza mwendo wa chakula kutoka tumboni, na kuuarifu ubongo kwamba umeshiba. Ila haidumu, baada ya dakika chache huwa imevunjwa mwilini. Katika mwaka wa 1992 daktari mmoja wa New York, John Eng, alikuwa akichunguza sumu ya mjusi mkubwa wa majangwa ya Marekani aitwaye Gila monster. Akakuta humo kemikali inayofanana na homoni hii, lakini inayodumu kwa muda mrefu zaidi. Kutokana nayo ilipatikana exenatide, dawa ya kisukari iliyoidhinishwa Marekani mwaka wa 2005.

Baadaye zikaja liraglutide, inayodungwa kila siku, na semaglutide, ya mara moja kwa wiki. Ozempic ni semaglutide iliyoidhinishwa Marekani mwaka wa 2017 kwa wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili. Wegovy ni dawa ile ile kwa kipimo kikubwa zaidi, iliyoidhinishwa 2021 kwa ajili ya unene. Mounjaro ni tirzepatide, nayo huiga homoni mbili kwa pamoja.

Zinapunguza kiasi gani? Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2021, watu wazima 1,961 wasio na kisukari walifuatiliwa kwa wiki 68. Waliodungwa semaglutide walipungua kwa wastani wa asilimia 14.9 ya uzito wao. Waliodungwa sindano isiyo na dawa walipungua asilimia 2.4. Kwa mama wa kilo 80, hiyo ni kama kilo 12, tena kwa muda unaopita mwaka mmoja. Anayekuahidi kilo 15 kwa mwezi anakudanganya. Na usisahau kwamba watu wote wa utafiti huo walikuwa wakishauriwa mara kwa mara juu ya chakula na mazoezi. Hakuna aliyepewa sindano na kuambiwa aende zake.

Je, wewe ni mnene kwa kipimo cha daktari?

Chukua urefu wako kwa mita, uuzidishe kwa urefu huo huo, kisha ugawanye kilo zako kwa jibu utakalopata. Mtu wa mita 1.60 na kilo 80 atapata 31. Kuanzia 25 uzito umezidi, na kuanzia 30 ni unene wa kupindukia. Sindano hizi hufikiriwa kwa mtu wa 30 au zaidi, au wa 27 na zaidi ikiwa tayari ana ugonjwa unaoletwa na uzito, kama vile shinikizo la damu au kisukari.

Tatizo lenyewe si la kubuni. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka wa 2014 ulionyesha kwamba thuluthi moja ya wanawake wa Kenya wa umri wa kuzaa walikuwa na uzito uliozidi. Ule wa 2022 uliwakuta wapatao 45 kati ya kila 100. Trans Nzoia ndilo ghala la mahindi la nchi, Bungoma ina miwa yake, na bodaboda imefuta ile mikutano ya miguu na barabara ambayo wazazi wetu hawakuihesabu kuwa mazoezi. Chai ya vijiko vinne vya sukari asubuhi, mandazi saa nne, ugali mchana na usiku: hayo yana jibu lake kwenye mizani.

Lakini kama kipimo chako ni 24 na unachotaka ni kuingia katika nguo ya harusi ya Desemba, dawa hii haikutengenezwa kwa ajili yako, na daktari mwangalifu atakukatalia.

Mpango ni wa mtu, si wa kijiji

Hapa ndipo wengi hukosea. Dada mmoja anadungwa, anapungua, na chama kizima kinataka kipimo chake. Hebu tutazame mifano michache ya watu wa aina tunaowafahamu.

Tuseme kuna mwalimu wa Kiminini mwenye miaka 48, ana kisukari na humeza glibenclamide. Sindano hii inaweza kumfaa sana, kwani inashusha sukari na uzito kwa pamoja. Ila vidonge vyake vikiunganishwa na sindano, sukari inaweza kushuka kupita kiasi akaanguka mbele ya darasa. Daktari hana budi kupunguza vidonge hivyo na kuichunguza sukari yake kwa karibu. Macho yake pia yapimwe kwanza, maana sukari inaposhuka kwa ghafla huweza kuzidisha madhara ya kisukari machoni.

Mchuuzi wa mitumba katika soko la Chwele ana miaka 29 na anatarajia kushika mimba mwakani. Huyu ana hesabu nyingine. Semaglutide haitumiwi na mjamzito, na inafaa iachwe angalau miezi miwili kabla ya kutafuta mtoto. Anayetumia vidonge vya kupanga uzazi naye ajue kwamba tirzepatide inaweza kuvipunguzia nguvu. Atahitaji kinga nyingine kwa wiki nne za mwanzo, na wiki nne kila kipimo kinapoongezwa.

Mkulima wa Cherang'any mwenye miaka 61, aliyepata mshtuko wa moyo, ana sababu nzito kuliko ya urembo. Utafiti wa watu 17,604 uliotangazwa 2023 ulionyesha kwamba semaglutide ilipunguza kwa asilimia 20 hatari ya mshtuko wa moyo, kiharusi au kifo cha moyo kwa watu wanene wenye ugonjwa wa moyo ambao hawakuwa na kisukari.

Yuko pia yule ambaye huzungumza na daktari kwa sauti ya chini. Kenya ilianza kutoa dawa ya dolutegravir kwa wenye virusi vya ukimwi mwaka wa 2017. Ni dawa nzuri, lakini uchunguzi uliofanywa Afrika Kusini na kuchapishwa 2019 ulionyesha kwamba wengi wanaoitumia huongeza uzito, hasa wanawake. Ikiwa unene wako ulianza hapo, mwambie daktari wa kliniki yako. Usiache dawa za virusi, na usijinunulie sindano kisiri.

Inavyodungwa

Huanzwa na kipimo kidogo. Kwa semaglutide ni miligramu 0.25 kwa wiki, kwa wiki nne, kisha 0.5, na kuendelea kupanda polepole. Kipimo cha mwanzo si cha kupunguza uzito, ni cha kuzoesha tumbo. Anayeruka ngazi ili akonde haraka hutapika mpaka akalazwa. Sindano hudungwa chini ya ngozi ya tumbo, paja au mkono wa juu, siku ile ile ya wiki, na mahali pabadilishwe kila mara. Ukisahau, unaweza kujidunga ikiwa hazijapita siku 5. Zikipita, ngoja siku yako ya kawaida. Usidunge mara mbili kufidia.

Kichefuchefu, kuhara na kufunga choo ni mambo ya kawaida katika wiki za kwanza. Kula kidogo kidogo, acha vyakula vya kukaangwa, kunywa maji. Kwa kuwa utakula kidogo, kile kidogo kiwe na maana: mayai, maharagwe, omena, kuku, pamoja na managu, saga au kunde. Usipofanya hivyo, na usipotumia misuli yako kwa kazi ya nguvu, sehemu ya kilo zitakazokutoka zitakuwa za misuli badala ya mafuta. (Najua ugumu uliopo. Katika nyumba nyingi za Bungoma, mgeni anayeachwa na kuku mezani ataulizwa kama ana kinyongo. Omba kipande kidogo mapema, kabla sahani haijajazwa.)

Maumivu makali ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni, na yasiyokoma, yanaweza kuwa ni uvimbe wa kongosho. Hayo si ya kungoja asubuhi. Vijiwe vya nyongo navyo hutokea. Aliye na saratani ya aina ya medulari ya tezi ya shingo, au mwenye jamaa wa damu aliyeugua saratani hiyo, haruhusiwi kuitumia dawa hii. Na ukienda kufanyiwa upasuaji, mweleze daktari wa nusukaputi kwamba unadungwa, maana tumbo lako huenda lina chakula hata kama umefunga usiku kucha.

Friji na stima

Kalamu ya sindano ambayo haijafunguliwa hutunzwa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Ikiganda, haifai tena. Kalamu ya Ozempic ikishaanza kutumiwa inaweza kukaa nje ya friji kwa wiki 6, mradi joto lisipite nyuzi 30. Kitale, kwenye urefu wa kama mita 1,900 juu ya bahari, hilo halina shida kubwa. Bungoma iko chini zaidi na ina joto zaidi. Dawa iliyosafiri ndani ya buti la matatu mchana wa Februari, au iliyolala kwenye friji ya duka ambalo stima ilikatika siku mbili, inaweza kuonekana safi na isiwe na nguvu. Kwa hiyo muulize mwuzaji dawa imefikaje, na uione friji yenyewe.

Sindano za bandia ndizo zinazonitia hofu zaidi. Oktoba 2023, watu kadhaa nchini Austria walilazwa hospitalini baada ya kutumia kalamu zilizodhaniwa kuwa Ozempic. Ilishukiwa kwamba ndani yake mlikuwa na insulini. Juni 2024, Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo juu ya Ozempic bandia zilizonaswa Brazil, Uingereza na Marekani. Mtu asiye na kisukari akijidunga insulini anaweza kuzimia na kufa. Ikiwa nchi hizo zilipenywa, mwuzaji wa mtandaoni anayekukabidhi kalamu kwenye steji ya Kitale anakupa hakikisho gani? Nunua katika duka la dawa lenye leseni ya Bodi ya Dawa na Sumu, leseni ibandikwe ukutani, na mfamasia akuombe karatasi ya daktari. Asiyekuomba karatasi, mkimbie.

Ukiacha, itakuwaje?

Chukua bei ya mwezi uliyotajiwa, uizidishe kwa 12, kisha ujiulize kama karo ya watoto itapona. Swali hili ni la tiba pia, si la mfuko tu. Wale wa utafiti wa 2021 walipofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuacha sindano, walikuwa wamerudisha thuluthi mbili za kilo walizopoteza. Desemba 2025, Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa kwanza juu ya dawa hizi kwa unene, lilizungumzia matumizi ya muda mrefu, yakiandamana na mafunzo ya chakula na mazoezi, na likawatoa wajawazito. Mwenye fedha za miezi mitatu pekee anafaa kulieleza hilo kwa daktari mapema, kabla ya sindano ya kwanza.

Kuna na maneno ya watu. Eneo hili limepakana na Uganda, ambako katika miaka ya 1980 ukimwi ulipewa jina la kukonda, na mazoea ya macho hayajafutika. Ukipungua kilo 12, wengine watakupongeza na wengine watauliza una nini. Amua mapema ni nani nyumbani atakayejua. Mwenzako wa ndoa ajue, hata kwa sababu ya usalama tu, iwapo utaanguka usiku.

Na asiye na uwezo? Utafiti wa Marekani wa mwaka wa 2002, wa watu 3,234 waliokaribia kupata kisukari, uliwapa baadhi yao shabaha ya kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki. Kundi hilo lilipunguza hatari ya kisukari kwa asilimia 58. Kundi la vidonge vya metformin, asilimia 31. Kwa mama yetu wa kilo 80, asilimia 7 haifiki kilo 6. Anayeshuka Kanduyi siku tano kwa wiki, akatembea nusu saa, na kupunguza vijiko vya sukari kutoka vinne hadi kimoja, amekwisha kuanza mpango huo. Presha na sukari apimwe katika hospitali ya karibu, na kilo aziandike kwenye daftari, mara moja kwa wiki, asubuhi kabla ya chai.