Zimamoto ya Kijiji: Kinga dhidi ya Moto Kichaa Kibiti na Delta ya Rufiji

Katika Wilaya ya Kibiti, mkoani Pwani, mkulima anayeandaa shamba la mpunga, mahindi au ufuta kabla ya mvua za vuli hana njia rahisi kuliko moto ya kuondoa nyasi, matete na vichaka alivyofyeka. Moto huohuo hutumiwa na walina asali wanapofukuza nyuki, na wachoma mkaa, na wawindaji, na pia wafugaji wanaotaka majani mabichi yachipue wakati wa kiangazi. Kila mmoja huwasha kwa haja yake, lakini upepo wa kusi huvuma katika miezi ileile ambayo nyasi zimekauka, wala haujui mpaka wa shamba la mtu, na hapo ndipo unapotokea ule unaoitwa moto kichaa, yaani moto uliomtoka aliyeuwasha na usio na wa kuusimamia.

Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, linalofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2007 na kupatikana kwa namba ya dharura 114, hutegemea gari lenye tangi la maji, na gari huhitaji barabara. Vijiji vya delta kama Salale, Mbuchi na Maparoni hufikiwa kwa boti kupitia mikono ya mto, na katika makazi ya namna hiyo nyumba ya miti iliyoezekwa kwa makuti huteketea kabla msaada wowote wa mbali haujafika. Kwa hiyo zimamoto halisi ya huko ni majirani wenyewe. Chombo kinachoweza kuwaunganisha ni Kamati ya Maliasili ya Kijiji, ambayo ni kundi la wanakijiji waliokabidhiwa na kijiji chao kazi ya kulinda misitu, na ambao hujitolea bila mshahara. Silaha zao ni matawi mabichi ya kupigia moto, panga, majembe na reki, na pale palipo na mikorosho, hata bomba la mgongoni la kupulizia dawa linaweza kujazwa maji.

Hata hivyo, kazi kubwa ya kamati hizi haipo mwezi Septemba, moto unapokuwa umekwisha kupanda vilimani, bali Juni, wakati hakuna moshi unaoonekana. Nje ya mabonde ya mto, sehemu kubwa ya ukanda huu ni miombo, yaani misitu ya miti inayopukutisha majani kiangazi, ambamo nyasi huota chini ya miti na kukauka kila mwaka. Nyasi zikichomwa mwanzoni mwa kiangazi, zikiwa bado na unyevu, moto hutambaa chini, huacha mabaka yasiyoungua na hufa wenyewe umande unaposhuka. Zikiachwa hadi Septemba au Oktoba, moto huwa mkali, huua miche na hubabua miti mikubwa. Jaribio lililoanzishwa mwaka 1933 huko Ndola, Zambia, lilithibitisha tofauti hiyo, kwani viwanja vilivyochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi vilipoteza miti yake na kugeuka nyika, ilhali vile vilivyochomwa mapema viliendelea kuwa msitu. Uchomaji wa mapema, basi, ni moto mdogo unaowashwa kwa makusudi ili moto mkubwa ukose cha kula, na katika Wilaya ya Kilwa, kusini mwa Rufiji, vijiji vinavyovuna mpingo kwa kushirikiana na shirika la uhifadhi la MCDI vimekuwa vikiutumia kulinda misitu yao.

Mikoko ni jambo tofauti. Delta ya Rufiji ina zaidi ya hekta 50,000 za miti hiyo, na tangu mwaka 2004 imo katika eneo la Rufiji-Mafia-Kilwa linalotambuliwa na Mkataba wa Ramsar wa ardhi oevu. Mikoko iliyosimama katika tope haishiki moto kwa urahisi, ila pale inapokatwa kupisha mpunga, magogo yake huachwa yakauke kisha huchomwa, na baada ya misimu michache magugu humlazimisha mkulima kwenda kufyeka pengine.

Elimu inayofaa kwa wananchi hawa si ile ya kukataza moto, kwa kuwa katazo lisilotekelezeka huwafanya watu wawashe kwa kificho na kukimbia. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 yenyewe haifuti uchomaji, bali inataka mtu apate kibali kabla ya kuchoma mimea nje ya eneo la makazi yake. Linalobaki ni kumfundisha mchomaji hatua zenyewe. Kwanza huzungushia shamba njia ya kuzuia moto, yaani ukanda uliopaliliwa hadi udongo mtupu, wenye upana wa angalau mita 3 na zaidi pale nyasi zinapozidi kimo cha mtu. Huwajulisha majirani siku na saa, husubiri jioni upepo unapotulia, kisha huwasha upande ambako upepo unaelekea, ili moto urudi polepole dhidi ya upepo badala ya kusukumwa nao. Haondoki moshi ukiisha. Hupitisha mgongo wa kiganja juu ya majivu na kando ya visiki bila kuvigusa, na panapotoa joto humwaga maji au hufukua na kufukia udongo, kwa maana kisiki kinaweza kufuka siku kadhaa kabla ya kuwasha upya.

Mkorosho ndio unaowashawishi watu wa Kibiti haraka zaidi kudhibiti moto, kwa sababu maua yake huchanua kiangazi, na moto wa Agosti ukipita chini ya miti hubabua maua ambayo yangekuwa korosho za msimu huo. Mfugaji naye hana budi kuitwa katika mkutano wa kupanga uchomaji wa Juni kama mshirika, apangiwe maeneo ya kuchoma mapema, badala ya kukumbukwa siku ya faini tu.

Kujitolea nako kuna gharama. Kijiji chenye msitu wake wa miombo kinaweza kutenga sehemu ya mapato ya mbao kwa ajili ya buti, reki na posho ya doria, lakini kijiji kilichozungukwa na mikoko, ambayo ni hifadhi ya serikali, hakina mapato ya namna hiyo. Halmashauri na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania ndio wenye wajibu wa kukipatia vifaa hivyo, pamoja na mafuta ya boti, kabla nyasi hazijakauka.