Je, Wajua? Hata maji ya rejeta yana filta yake

Filta ya oili na ya hewa kila dereva anazijua. Ya kulanti, yaani hayo maji ya rejeta, ni wachache walioiona, ingawa malori mengi makubwa ya dizeli hutoka nayo kiwandani.

Umuhimu wake ulionekana Marekani, kwenye pikapu za Ford zenye injini ya dizeli ya lita 6.0, za mwaka 2003 hadi 2007. Mchanga wa kalibu uliotumika kusubu bloku ulibaki ndani, ukazunguka na kulanti hadi ukaziba vijia vyembamba vya kipoza oili. Oili ikapata joto kupita kiasi, injini nyingine zikafa. Mafundi huko hulinganisha joto la oili na la kulanti gari likiwa na mzigo: tofauti ikizidi takriban nyuzi 8 za Selsiasi, kipoza kimeanza kuziba. Wenye magari hayo wengi walifunga filta wenyewe, na wakiipasua hukuta chembe nyeusi za mchanga.

Filta hiyo hufungwa pembeni, kwenye mpira wa hita, ipitishe sehemu ndogo tu ya kulanti. Ikiziba, mzunguko mkuu hausimami.

Je, gari dogo la petroli linaihitaji? Kwa kawaida hapana. Weka kulanti sahihi, ibadilishe kwa wakati, usijazie maji ya bomba au ya kisima. Na kama tayari yanatoka maji ya kutu, safisha mfumo mzima kwanza. Filta haizuii chuma kuendelea kuliwa.