Dengu: Zao la Mvua Iliyokwisha

Bajia zinazokaangwa jioni Manzese, kandokando ya Barabara ya Morogoro, huwa za unga wa kunde au wa dengu. Kunde hazitoki mbali, maana hustahimili joto la Pwani. Dengu husafiri kutoka Kanda ya Ziwa, hasa Shinyanga na Mwanza, na sababu imo ardhini.

Huko kuna mbuga za udongo mweusi wa mfinyanzi. Masika hugeuka tope zito; kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mkono. Lakini maji ukishayanywa hauyaachii upesi, na dengu huishi kwa hilo. Mkulima husubiri mvua zielekee ukingoni, kati ya Machi na Mei kutegemea mahali, mpunga ukiwa umeshatoka majarubani. Ndipo hupitisha plau ya ng'ombe na kumwaga mbegu. Mzizi mkuu huufuata unyevu chini, hata zaidi ya mita moja, na kwa miezi mitatu au minne mmea hunywa mvua iliyokwisha kunyesha.

Kwangu mimi, ufundi wote wa dengu ni kuijua wiki ya kupanda. Udongo ukiwa bado umejaa maji, mizizi hukosa hewa ikaoza. Ukichelewa, unyevu umeshazama na maua hupukutika kabla ya kufunga maganda. Hata mvua ya ghafla wakati wa maua, ambayo mwenye mahindi angeishangilia, huku huleta magonjwa ya ukungu.

Naitrojeni mmea hujitafutia: bakteria wa kwenye vinundu vya mizizi huinasa hewani. Adui mkubwa ni funza wa vitumba, yuleyule wa pamba, na Shinyanga ni nchi ya pamba. Ganda la dengu hubeba punje moja au mbili tu, hivyo tundu moja hulimaliza. Shamba likaguliwe tangu maua ya kwanza.

Bei nayo ina msimu wake. India ndiyo inayolima dengu nyingi kuliko nchi yoyote, na huvuna kuanzia Februari hadi Aprili; mavuno yake huathiri bei ya huku. Mkulima wa Kishapu, mkoani Shinyanga, anapofunga plau, mfanyabiashara wa nje ameshajua India imevuna vipi. Habari hiyo ingemfikia mkulima kabla hajakodi ng'ombe, angeamua vizuri zaidi eka ngapi ziwe za dengu na ngapi aziachie choroko.