Mwamuzi Hulelewa Kabla ya Kupewa Fimbo

Afisa anayerejea nyumbani Kinindo, kusini mwa jiji la Bujumbura, huvua magwanda, lakini watoto wake huendelea kumtazama. Husikia anavyomsemesha mtumishi. Huona kama gari la serikali limepeleka watu harusini. Mmoja wao huenda naye akashika cheo.

Warundi walilijua jambo hilo tangu kale. Mwamuzi wa kilimani, umushingantahe, jina lake lamaanisha msimikaji wa intahe, yaani fimbo ya haki. Hakupewa fimbo hiyo ghafla. Tangu ujanani wazee walimchunguza: Je, husema kweli? Akinywa, huchunga ulimi wake? Aliketi kando yao walipoamua magomvi ya mashamba na ndoa, akajifunza kusikiliza kwanza. Alipooa, mwenendo wa nyumba yake nao ulipimwa. Mwishowe aliapa hadharani, mbele ya majirani waliomjua tangu utotoni, wakanywa pombe aliyoiandaa. Gharama hiyo iliwazuia maskini wengi waadilifu, na hiyo ilikuwa kasoro kubwa ya desturi yenyewe.

Tawala za kikoloni, na hata za baada ya uhuru wa 1962, ziliingilia uteuzi huo, na fimbo ikawafikia watu ambao wazee hawakuwalea. Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 ulitaka hadhi ya waamuzi hao irejeshwe.

Cheo cha ofisini au kikosini hutolewa kwa mafunzo na miaka ya utumishi. Jirani haulizwi neno.